Utunzi wa Muziki Mpya kwa Hadithi Shirikishi za Mashabiki

Msimuliaji wa ngano afikapo mahali pa wimbo hajui wimbo huo utadumu kwa muda gani. Hadhira ikiitikia kwa furaha, huurudia mara nyingi. Ikichoka, huukata na kurejea kwenye maneno. Wimbo wa ngano basi hauna urefu uliokwisha kupimwa: urefu wake huamuliwa na wale wausikilizao. Tatizo hilo hilo, kwa sura nyingine, humkabili kila mtunzi wa muziki atungaye kwa ajili ya hadithi zisomwazo katika kompyuta, ambamo msomaji huchagua njia, hukawia atakapo, na hurudi nyuma apendapo. Makala haya yanaeleza jinsi watunzi hao wanavyolitatua tatizo hilo, na hasa wale watungao bila ujira kwa ajili ya kazi za mashabiki. Kisha yanaeleza kwa nini muziki, miongoni mwa sehemu zote za kazi ya namna hiyo, ndio wenye nafasi kubwa ya kuishi baada ya kazi yenyewe kusahauliwa.

Maana ya Maneno

Hadithi shirikishi ni hadithi ambayo haiendi mbele mpaka msomaji atende jambo. Jambo hilo laweza kuwa dogo, kama kubonyeza ili ukurasa ufuate. Laweza kuwa kubwa, kama kuamua mhusika asamehewe au auawe. Baina ya ncha hizo mbili mna hadithi za picha na maneno zenye njia nyingi, hadithi za maneno matupu, na michezo ambayo ndani yake masimulizi ndiyo roho na mapigano ni viungo.

Kazi ya mashabiki ni kazi inayotungwa na wapenzi wa kazi nyingine, kwa kutumia wahusika, nchi au kanuni za kazi hiyo, pasipo kuagizwa wala kulipwa na mwenyewe. Kuna namna tatu zilizo mashuhuri. Ya kwanza ni kuugeuza mchezo uliokwisha kuuzwa, kwa kubadili maneno, picha na sauti zilizomo. Ya pili ni kutafsiri: mchezo wa Kijapani uitwao Mother 3, uliotolewa mwaka 2006 na usiouzwa kwa Kiingereza, ulitafsiriwa na mashabiki, nao wakaitoa tafsiri yao bure mwezi wa Oktoba 2008. Ya tatu ni kutunga hadithi mpya kabisa iliyo katika ulimwengu wa kazi ya kwanza. Namna hii ya tatu imeenea sana kwa sababu vyombo vyake hupatikana bila malipo. Programu ya Ren'Py ilianza kutolewa mwaka 2004, na ya Twine mwaka 2009. Zote mbili humwezesha mtu asiye fundi wa kompyuta kupanga kurasa, njia na sauti.

Katika namna zote tatu, mwandishi na mchoraji hufanya kazi wakiwa wamefungwa na kazi ya kwanza. Mhusika ana jina lake, uso wake na historia yake, na shabiki hapendi kuvibadili. Mtunzi wa muziki yuko katika hali tofauti. Yeye aweza kuyaazima mahadhi ya kazi ya kwanza, na aweza vile vile kutunga mahadhi yake mwenyewe yasiyodaiwa na mtu. Uchaguzi huo huonekana mdogo siku ya kwanza. Matokeo yake huonekana baada ya miaka.

Safari ya Wimbo Mmoja

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wimbo uitwao Megalovania, wa Mmarekani Toby Fox, aliyezaliwa mwaka 1991. Mwaka 2008, alipokuwa kijana wa miaka 17, Fox aliugeuza mchezo wa EarthBound, ambao Kampuni ya Nintendo iliutoa Japani mwaka 1994 na Marekani mwaka 1995. Mchezo huo alioupindua ulikuwa kazi ya shabiki kwa kila maana: nchi ilikuwa ya wengine, wahusika walikuwa wa wengine, na hata mashine ya sauti, yenye njia 8 za kupitisha sauti kwa wakati mmoja, ilikuwa imekwisha kuwekewa mipaka na waundaji wake. Kwa pambano la mwisho Fox hakuazima. Alitunga wimbo wake mwenyewe.

Wimbo huo haukubaki mahali ulipozaliwa. Mwaka 2009 Mmarekani Andrew Hussie alianza kutoa hadithi ya picha iitwayo Homestuck, iliyoendelea tangu tarehe 13 Aprili 2009 hadi tarehe 13 Aprili 2016, na kupita kurasa 8,000. Hapo mwanzo wasomaji walipeleka maagizo ya kile ambacho wahusika wafanye, na mwandishi akachagua miongoni mwa maagizo hayo. Homestuck si kazi ya mashabiki kwa maana iliyotajwa hapo juu, kwa kuwa ni mali ya mtungaji wake; lakini muziki wake ulitungwa na kundi la wanamuziki waliokusanyika kutoka miongoni mwa wapenzi wake, na Fox alikuwa mmoja wao. Megalovania iliingia humo kwa sura mpya.

Mwaka 2013 Fox aliomba msaada wa watu ili aunde mchezo wake mwenyewe, akachangiwa zaidi ya dola 51,000. Mchezo huo, Undertale, ulitolewa tarehe 15 Septemba 2015, ukiwa na nyimbo 101 katika mkusanyo wake wa muziki, na Megalovania ikawekwa katika njia moja tu: njia ya msomaji aliyeamua kumwua kila kiumbe amkutaye. Mwezi wa Septemba 2019 Nintendo yenyewe iliuingiza wimbo huo, kwa mpangilio mpya wa Fox, katika mchezo wake wa Super Smash Bros. Ultimate. Mwezi wa Januari 2022 wanasarakasi waliocheza mbele ya Papa Francis huko Vatikani walisindikizwa na wimbo huo huo.

Safari hiyo ina funzo lililo kubwa kuliko bahati ya mtu mmoja. Mchezo uliogeuzwa mwaka 2008 usingeweza kamwe kuuzwa wala kuingia katika kazi ya kampuni, maana sehemu kubwa yake ilikuwa ya kuazima. Wimbo ulitoka ndani yake kama mgeni atokavyo katika nyumba ya kupanga, akiwa na mzigo wake mkononi, na hakuna aliyekuwa na haki ya kumzuia mlangoni. Wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mtunzi aliyejishonea yake huvuka nayo nchi nyingi.

Fumbo la Muda

Fumbo la kwanza analolikuta mtunzi ni muda. Katika sinema, muziki hupimwa kwa picha: mlango unafunguliwa katika sekunde fulani, na ngoma inapigwa katika sekunde hiyo hiyo. Katika hadithi shirikishi mlango hufunguliwa msomaji atakapo. Dawa ya kawaida ni mzunguko, yaani wimbo uishao na kuanza tena bila pengo.

Hesabu yake ni nyepesi, na yafaa ifanywe kabla ya noti ya kwanza kuandikwa. Wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika, na mapigo 4 katika kila kipimo, hutumia sekunde 2 kwa kipimo kimoja. Vipimo 16 basi ni sekunde 32. Sasa ichukuliwe sehemu ya hadithi yenye maneno 300. Msomaji mwepesi wa maneno 200 kwa dakika ataimaliza kwa sekunde 90, na mzunguko huo atausikia karibu mara 3. Msomaji wa polepole wa maneno 100 kwa dakika atatumia sekunde 180, na atausikia karibu mara 6. Wimbo uliompendeza wa kwanza huenda ukamchosha wa pili. Mtunzi akirefusha hadi vipimo 48, yaani sekunde 96, msomaji mwepesi hatausikia wote hata mara moja, na yule wa polepole atausikia karibu mara 2. Kwa hiyo urefu wa wimbo hautokani na wimbo. Hutokana na maneno yaliyo juu yake, na mtunzi asiyeiomba hati ya mwandishi kabla ya kuanza hutunga akiwa amefumba macho.

Jambo la pili ni mwisho. Wimbo wa kawaida humaliza kwa kurudi nyumbani, yaani kwenye noti ya msingi, na sikio hutulia. Mzunguko ukitulizwa hivyo, kila urudiapo msomaji huhisi kwamba jambo limekwisha ilhali hadithi haijakwisha. Watunzi wenye ujuzi humaliza mahali palipoinama, ambapo sikio linangojea, ili mwanzo uwe ndio jibu la mwisho. Washairi wa Kiswahili wanaijua tabia hiyo. Utenzi huimbwa kwa mahadhi mamoja tangu beti la kwanza hadi la mwisho, hata kama mabeti yenyewe yapita 1,000, kama ilivyo katika Utendi wa Tambuka. Na mahadhi hayo huvumilika kwa sababu kila beti humkabidhi msikilizaji kwa beti lifuatalo, na kina cha mwisho humkumbusha kwamba safari ingali inaendelea.

Jambo la tatu ni la ufundi, na wengi hulijua baada ya kuumia. Kila sauti ina mwangwi unaobaki baada ya noti kukoma. Wimbo ukikatwa pale unapoishia, mwangwi nao hukatwa, na mwanzo husikika mkavu kama mtu aliyeamshwa ghafula. Dawa yake ni kuupiga wimbo mara mbili mfululizo na kuchukua ile mara ya pili peke yake. Hapo mwangwi wa mwisho wa mara ya kwanza huwa umekwisha kuangukia juu ya mwanzo wa ile ya pili. Aina ya faili nayo ina hukumu yake. Faili ya MP3 hufungwa katika mafungu ya sampuli 1,152, na wakati wa kuifunga huongezewa kimya kidogo mwanzoni na mwishoni. Kimya hicho ni kidogo sana, lakini katika mzunguko husikika kama kikwazo cha mguu, kila mara mahali pale pale. Faili ya Ogg Vorbis haina kasoro hiyo, ndiyo maana hupendwa na waundaji wa hadithi hizi. Tena faili ya sauti isiyobanwa, ya sampuli 44,100 kwa sekunde, huchukua karibu megabaiti 10.6 kwa dakika; nyimbo 20 za dakika 2 zingefanya mzigo wa megabaiti zaidi ya 400, ambao wasomaji wengi wasingekubali kuupakua kwa ajili ya hadithi ya bure.

Fumbo la Njia

Fumbo la pili ni kwamba msomaji hugeuka. Yumo katika mazungumzo ya upole, mara achagua neno baya, na mambo yachafuka. Muziki ukikatwa na mwingine ukaanza, mshono huonekana. Ukiachwa kama ulivyo, hadithi na sauti zitasema mambo mawili.

Suluhisho la kwanza lililo kamili lilitoka kwa Michael Land na Peter McConnell wa Kampuni ya LucasArts, katika mchezo wa Monkey Island 2 wa mwaka 1991. Utaratibu wao, ulioitwa iMUSE, uliifanya mashine ingojee mahali pafaapo katika wimbo kabla ya kuvuka kwenda wimbo mwingine, na mara nyingine ikapiga kipande kifupi cha daraja baina ya nyimbo hizo mbili. Katika mji wa Woodtick, mchezaji alipoingia kibanda hiki au kile, mahadhi ya mji yalivaa vazi la kibanda hicho, na alipotoka yakalivua, wala pasiwe na pengo.

Shabiki asiye na kampuni nyuma yake hufuata njia nyepesi zaidi, nayo ni ya matabaka. Wimbo mmoja huandikwa katika mafaili matatu au manne yenye urefu ule ule na mwendo ule ule: moja la kinanda, moja la nyuzi, moja la ngoma. Yote huanza pamoja, na programu hupandisha au kushusha sauti ya kila moja kadiri hadithi inavyogeuka. Ngoma zikiingia hatari imekaribia. Vikibaki vinanda peke yake mhusika ameachwa mpweke. Undertale ina mfano mwororo wa jambo hilo: wimbo wa ukurasa wa kufungulia huongezewa ala kadiri msomaji anavyopata marafiki ndani ya hadithi, hata yule aliyeufungua mchezo kwa siku nyingi husikia, bila ya kuambiwa, kwamba hayuko peke yake tena.

Katika njia ya mauaji, mchezo huo huo hufanya kinyume. Msomaji akiwaua wote waliomo katika nchi fulani, muziki wa nchi hiyo hupigwa polepole mno, hata noti zake zikawa kama vishindo katika nyumba tupu. Hapakutungwa wimbo mpya wa hukumu. Wimbo ule ule uliokuwa wa furaha ulipunguzwa mwendo, na msomaji akajua kwamba alichokisikia zamani ndicho alichokiharibu.

Mahadhi Yenye Kumbukumbu

Tendo hilo linafikisha maelezo kwenye fumbo la tatu, ambalo ni la maana. Tangu siku za opera za Richard Wagner, katika karne ya 19, watunzi wa Ulaya wamezoea kumpa mhusika au wazo mahadhi yake, ili yarudipo msikilizaji akumbuke. Hila hiyo hutegemea jambo moja: kwamba msikilizaji aliyasikia mahadhi hayo mahali fulani kabla. Katika opera hapana shaka. Katika hadithi yenye njia nyingi, shaka ni kubwa. Mtunzi akiyaweka mahadhi ya mama wa shujaa katika mlango wa kushoto, msomaji aliyepita mlango wa kulia atakapoyasikia katika mazishi hatakumbuka chochote, na machozi yaliyokusudiwa hayatatoka.

Kanuni inayofuata ni kwamba mahadhi yabebayo kumbukumbu lazima yapandwe katika njia kuu, kabla ya njia kugawanyika. Ndiyo maana watunzi wengi huyaweka katika wimbo wa kufungulia, ambao hakuna msomaji awezaye kuuepuka. Undertale hufanya hivyo: mahadhi ya wimbo wa utangulizi, Once Upon a Time, hurudi katika nyimbo nyingi za baadaye, mara kwa ala hii na mara kwa ala ile, na kila msomaji, awe mwema au mwuaji, amekwisha kuyabeba tangu dakika ya kwanza.

Hapa pana mtego wa mashabiki. Kazi ya kwanza imekwisha kuwajaza wasomaji mahadhi, na mtunzi huona kwamba akiyatia machache ya kuazima atazipata kumbukumbu hizo bila jasho. Atazipata kweli, lakini zitakuwa kumbukumbu za kazi nyingine. Msomaji atalia kwa ajili ya kisa cha zamani, na kisa kipya kitabaki bila chozi lake. Baadhi ya watunzi hutumia njia ya kati: huchukua umbo la mwendo au aina ya ala iliyozoewa katika kazi ya kwanza, na kutunga juu yake mahadhi yasiyopata kusikika. Msomaji hujiona yumo katika nchi aijuayo, na hata hivyo husikia habari mpya.

Haki, Mapatano na Hatari

Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao Kenya na Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizojiunga nao, humpa mwenye kazi haki ya kukubali au kukataa kazi yake isitafsiriwe wala isigeuzwe. Mkataba huo huo, kama unavyosomwa leo, humlinda mtunzi bila ya kumdai aiandikishe kazi yake mahali popote. Shabiki basi anasimama pande zote mbili za sheria kwa wakati mmoja. Kwa wahusika alioazima, yeye ni mtu anayevumiliwa tu, na uvumilivu huo waweza kukoma kwa barua moja ya wakili. Kwa mahadhi aliyoyatunga mwenyewe, yeye ni mwenye mali kamili.

Kwa kuwa fedha hazipo, watu wengi hudhani kwamba mapatano hayahitajiwi. Kinyume chake ndicho kweli: palipo na mshahara, desturi hujaza mapengo, palipo na urafiki tu, kila mtu huyajaza kwa matumaini yake. Mapatano mafupi ya maandishi hutosha, yakisema mambo manne. La kwanza, wimbo unabaki kuwa mali ya nani. La pili, kundi limeruhusiwa kuutumia wapi na kwa muda gani. La tatu, mtunzi aweza kuutoa au kuuuza peke yake, na jina la kazi ya mashabiki litatajwa au halitatajwa. La nne, na ndilo lisahauliwalo, itakuwaje iwapo kazi haitamalizika. Hadithi nyingi za mashabiki hazimaliziki, kwa maana hutungwa katika saa za usiku na watu wenye masomo, kazi na watoto. Mwandishi akiiacha hadithi katika sura ya nne, mchoraji hubaki na picha za wahusika asiowamiliki. Mtunzi aliyepatana vema hubaki na nyimbo zake.

Hatari nyingine ni ya vyombo. Picha za kutembea na sauti za Homestuck ziliundwa kwa programu ya Flash, ambayo kampuni yake iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2020. Kazi nyingi zilizotegemea programu hiyo hazikufunguka tena kwa njia ya kawaida, zikahitaji juhudi maalum za watunzaji ili zionekane. Muziki wa Homestuck, uliokuwa umetolewa mbali katika mikusanyo yake tangu miaka ya mwanzo, haukuhitaji kuokolewa. Sauti ni mali nyepesi: hubebwa katika faili ndogo, hupigwa kwa mashine yoyote, na ikipotea faili, mtu aweza kuiimba.

Kiswahili katika Muziki wa Michezo

Wataalamu wa lugha wana sababu yao wenyewe ya kulifuata jambo hili. Mwaka 2005 Mmarekani Christopher Tin alitunga wimbo wa kufungulia mchezo wa Civilization IV, akautia maneno ya Sala ya Bwana kwa Kiswahili, na kuuita Baba Yetu. Mwezi wa Februari 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, nao ulikuwa muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa kompyuta kupata tuzo hiyo. Mamilioni ya watu wasiojua Kiswahili wamelisikia neno "mbinguni" kabla ya kujua maana yake.

Wimbo ule ulitungwa kwa malipo ya kampuni, si kazi ya mashabiki. Lakini umefungua mlango ambao mashabiki wanaupita, na mtu apitaye mlango huo akiwa na maneno ya Kiswahili lazima ajue sheria moja ambayo ala hazina. Mkazo wa neno la Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mtunzi aliyezoea lugha nyingine aweza kuliweka pigo zito mahali pengine kwa kufuata mahadhi, na neno likapotoka. Neno "barabara" ni ushahidi wa kutosha: mkazo ukiwa juu ya silabi ya tatu ni njia ipitayo magari, ukiwa juu ya silabi ya pili ni sawasawa, bila kosa. Mhusika aliyekusudiwa kuimba kwamba mambo yamekwenda sawasawa ataimba habari za njia, na mzunguko utalirudia kosa hilo mara 6 kwa kila ukurasa. Kwa sababu ya kurudia huko, muziki wa hadithi shirikishi hausamehe kosa la lugha kama usamehevyo wimbo upitao mara moja.

Tena lugha yenyewe ina hazina isiyoguswa bado na wengi. Mshororo wa utenzi una mizani 8, na beti lina mishororo 4. Jumla ni mizani 32, ambayo hukaa katika vipimo 8 vya mapigo 4 pasipo kubaki wala kupungua, kila mizani ikipewa pigo lake. Mtunzi atafutaye mzunguko mfupi wenye maneno, unaoweza kurudiwa bila ya kuchosha, atakuta kwamba washairi wa pwani walikwisha kulipima jambo hilo kabla ya kompyuta ya kwanza kuundwa.

Hitimisho

Mtunzi wa muziki kwa hadithi shirikishi za mashabiki hutunga kwa ajili ya msomaji asiyejulikana mwendo wake, katika njia isiyojulikana mgawanyiko wake, juu ya kiwanja kisicho chake. Mafumbo mawili ya kwanza hutatuliwa kwa hesabu, mizunguko na matabaka. La tatu halitatuliwi kwa ufundi peke yake. Hutatuliwa siku ile mtunzi, akiwa na mahadhi mazuri ya wengine karibu na mkono wake, anapoyaacha na kuanza kutafuta yake. Kijana wa mwaka 2008 hakujua kwamba wimbo wake ungerudi miaka 11 baadaye katika nyumba ya wale wale ambao mchezo wao aliugeuza, safari hii kwa kualikwa. Alijua tu kwamba pambano la mwisho lilihitaji wimbo, na kwamba wimbo huo haukuwapo.